Viwavi wa Miti ya Nyumbani na Namna ya Kuwatambua

Wenzangu bwenini huniita Bwana Viwavi, na jina hilo limenishika tangu nilipokuwa mwaka wa nne. Sikasiriki. Karibu kila juma mtu huja na jani mkononi, amelishika mbali na mwili kama mtu aliyeshika kaa la moto, akitaka kujua mdudu aliye juu yake ni nani, atageuka kuwa nini, na je, anawasha? Kwa kuwa mwaka huu ndio wangu wa mwisho hapa shuleni, Mhariri ameniomba niyaandike yale ninayowajibu, ili nitakapoondoka watu wasikose pa kuuliza. Basi nitasema niliyoyaona kwa macho yangu hapa Kigali, na machache niliyoyapata vitabuni. Wala sitaficha kosa nililolifanya nyumbani kwetu, ambalo mama yangu hajalisahau.

Mtu akinionyesha kiwavi, swali langu la kwanza ni hili: umemwokota juu ya mti gani? Wengi hudhani ninawafanyia mzaha. Sivyo. Kipepeo jike hatagi mayai yake ovyo. Hutua juu ya jani, akaligonga-gonga kwa miguu yake ya mbele, na miguu hiyo ndiyo inayoonja. Likiwa silo, huruka akaenda jingine. Likiwa ndilo, huacha yai pale pale, kwa sababu mtoto atakayetoka hana mabawa ya kwenda kutafuta chakula mbali, na viwavi wengi ukiwapa jani la mti usio wao watakufa njaa huku jani liko mbele yao. Kwa hiyo ukiujua mti, umekwisha kumjua kiwavi nusu. Bibi mmoja wa Ujerumani, Maria Sibylla Merian, aliyezaliwa mjini Frankfurt mwaka 1647, alilifahamu jambo hili mapema kuliko mabwana wengi wa elimu. Mwaka 1699 alivuka bahari pamoja na binti yake mpaka Surinam, Amerika ya Kusini, na mwaka 1705 akatoa kitabu kikubwa cha picha ambamo viwavi wamechorwa juu ya mimea waliyokutwa nayo, pamoja na pupa zao na vipepeo wao. Wengi waliomtangulia walimchora mdudu peke yake kama kitu kilichoanguka kutoka mawinguni.

Sasa tuanze na mlimau, maana katika nyua za Nyamirambo, ambako ndiko kwetu, hakuna mti unaoniletea maswali mengi kuliko huo. Wanafunzi wa zamani wataukumbuka mlimau mkubwa ulioko nyuma ya jiko la shule, ambao matunda yake huisha usiku bila mtu yeyote kuyachuma. Utazame mti huo wakati wa mvua za umuhindo au za itumba, majani machanga yanapochipuka. Utaona kipepeo mkubwa, mweusi mwenye madoa mengi ya manjano, anapapatika juu ya machipukizi bila kutulia. Huyo ni Papilio demodocus, naye hupenda malimau, machungwa, ndimu na jamaa zao wote. Hana mikia nyuma ya mabawa kama walivyo wengi wa ukoo wake. Yai lake ni la mviringo, rangi ya manjano hafifu, dogo kuliko kichwa cha pini, nalo huwekwa moja moja.

Kiwavi anayetoka katika yai hilo huwadanganya watu wote mara ya kwanza. Ni mweusi au kahawia, mwenye baka jeupe katikati, naye hukaa juu ya jani wazi wazi bila kujificha. Ukimtazama utasema: ndege amepita hapa akaacha kinyesi. Na ndege naye husema hivyo hivyo, akaenda zake. Nani atakula kinyesi? Hujivua ngozi mara kadha wa kadha, na baada ya kujivua mara ya nne huamka kijani kibichi, mnene, mwenye mistari ya kahawia ubavuni na alama mbili kama macho mabegani mwake. Hayo si macho. Macho yake ya kweli ni vidoto vidogo sana kichwani, ambavyo huwezi kuviona bila kioo cha kukuzia. Hapo amefika urefu wa sentimita nne na zaidi. Ukimgusa, nyuma ya kichwa chake hutokeza pembe mbili laini zenye maji, rangi kati ya chungwa na nyekundu, na harufu kali hujaa chumba kizima. Mdogo wangu aliitupa chupa chini alipoziona kwa mara ya kwanza. Pembe hizo hazichomi wala hazina sumu ya kumdhuru mtu. Kazi yake ni kuwafukuza siafu, buibui na wadudu wengine wenye njaa.

Hapa ndipo nilipokosea. Ua wetu ulikuwa na mlimau wa zamani, lakini ulikatwa ukuta ulipojengwa. Mama huuza chai na mandazi barazani, na watu wa mtaa wetu hupenda chai yenye limau, basi tangu siku hiyo alikuwa ananunua malimau sokoni. Mwaka juzi akanunua kitaluni mche mmoja wa mlimau uliounganishwa, akaupanda penye jua, akaupa maji kila jioni hata wakati wa kiangazi. Katika likizo ya mwezi wa Desemba nilihesabu juu ya mche huo viwavi kumi na mmoja, wadogo kama punje za mchele, wote wakiwa bado katika vazi lao la kinyesi cha ndege. Mama akaniambia, "Mwanangu, watoe hao." Nikawatoa watatu mbele ya macho yake. Wale wanane nikawaacha, kwa sababu nilitaka nitakaporudi nikute pupa, na kwa sababu nilijiambia kwamba wadudu wadogo namna hii watakula nini cha kutisha? Baada ya juma moja nikarudi shuleni. Habari ya mche ule nitaimaliza mwisho.

Swali la pili ninaloulizwa ni hili: nitajuaje kama ni kiwavi wa kipepeo au wa nondo? Jibu la haki ni kwamba hakuna alama moja tu inayotosha. Nondo ni wengi mno kuliko vipepeo, kwa hiyo kiwavi yeyote utakayemwokota bila kuchagua, yaelekea ni wa nondo. Hata hivyo kuna mambo ya kutazama. Hesabu miguu. Mbele, karibu na kichwa, kuna jozi tatu za miguu midogo yenye kucha. Hiyo ndiyo itakayobaki kuwa miguu ya mdudu mzima. Katikati ya tumbo kuna jozi nne za miguu minene ya nyama, na jozi moja nyuma kabisa. Vipepeo wote huwa hivyo, na nondo wengi pia. Lakini ukimwona kiwavi aendaye kwa kujikunja kama upinde, akapiga shubiri kama fundi anayepima kitambaa, huyo amepoteza miguu mingi ya katikati, naye ni nondo bila shaka. Watu wa kahawa wanawajua hao, na mimi nimewakuta juu ya mparachichi wa jirani. Na ukihesabu miguu ya nyama ukapata jozi sita au zaidi tumboni, basi usihangaike tena: huyo si kiwavi wa kipepeo wala wa nondo, bali ni mtoto wa mdudu aliye jamaa ya nyigu.

Nywele nazo ni shahidi. Kiwavi mwenye manyoya marefu kama brashi ya viatu, au mashada ya nywele yaliyosimama mgongoni, ni nondo. Baadhi ya nywele hizo huvunjika ndani ya ngozi zikawasha vibaya sana. Hata katika kamusi za zamani neno kiwavi lilikuwa pia jina la mmea uwashao, na wazee hawakukosea kuwaweka pamoja. Wako pia wale wafupi wa kijani, wanaoteleza kama konokono asiye na nyumba, wenye miiba pande zote. Hao huchoma kama moto. Ukichomwa usijikune. Bandika utepe wa gundi juu ya ngozi uvute, nywele zitoke nao, kisha osha kwa sabuni. Ikiwa mtu anavimba uso au anapumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja, asingojee.

Lakini angalieni, miiba siyo nywele. Kuna kiwavi mmoja mkubwa, mweusi tititi, mwenye safu za miiba mieupe na vidoto vyekundu ubavuni, ambaye huonekana juu ya miti ya Croton na mingine mingi. Mwaka jana alionekana kwenye mti ulioko upande wa uwanja wa mpira, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakakimbia. Huyo ni mtoto wa nondo mkubwa aitwaye Bunaea alcinoe, na nimemtembeza juu ya mkono wangu bila kupata hata muwasho. Watu wa Kongo humla. Sikujaribu.

Juu ya mti huo huo wa Croton, ukiwa na subira, utamwona mwingine ambaye mimi nampenda kuliko wote. Ni wa kijani mtupu, na kichwa chake ni kama ngao yenye pembe nne zilizoelekea nyuma, mithili ya taji. Hukaa juu ya jani moja alilolitandika uzi wa hariri, akatoka kwenda kula, akarudi pale pale kama mtu anayerudi kitandani kwake. Huyo ni Charaxes candiope. Kipepeo wake ni mnene, mwenye nguvu, ana mikia miwili katika kila bawa la nyuma, na mishipa ya mabawa yake ya mbele ina rangi ya kijani. Msimtafute katika maua. Yeye hunywa maji ya matunda yaliyooza, utomvu wa miti, na hata mavi ya wanyama. Ndizi iliyooza iliyowekwa juu ya ukuta itamleta upesi kuliko bustani nzima ya waridi.

Miti mingine nitaipitia kwa haraka. Mjohoro na jamaa zake wenye maua ya manjano hulisha kiwavi mwembamba wa kijani mwenye mstari hafifu ubavuni, ambaye huwa yule kipepeo mweupe, Catopsilia florella, tuonaye akipita kwa makundi mwaka wenye vipepeo wengi. Matomoko yana vipepeo wake wa ukoo wa Graphium. Katika mivumu, ile miti ambayo zamani ilizunguka miji ya wazee wetu na ambayo magome yake yalitengenezwa nguo, kuna kiwavi bapa wa kijani afananaye na konokono uchi. Huyo ni Myrina silenus, ambaye akipata mabawa huwa na rangi ya buluu inayong'aa na mikia iliyopindika. Na magugu yale yatoayo maziwa ukiyavunja yana kiwavi wa milia myeupe, myeusi na ya manjano, mwenye jozi tatu za pembe laini nyeusi. Huyo ni Danaus chrysippus. Hajifichi hata kidogo, kwa sababu amekula sumu ya mmea ule, na ndege aliyemwonja mara moja harudii tena.

Kando ya miti, wengi wetu tuna viazi vitamu uani, basi sina budi kumtaja Acraea acerata, ambaye wakulima wa Rwanda wanamjua kwa uchungu. Kipepeo wake ni mdogo, wa rangi ya chungwa, mwenye pindo la kahawia, naye hutaga mayai mengi mahali pamoja. Viwavi wake wana miiba ya nyama yenye matawi. Wakiwa wadogo huishi pamoja ndani ya utando walioufuma juu ya majani, na baada ya kama majuma mawili hutawanyika, wakajificha chini mchana na kula usiku. Ukijua hivyo, dawa ni rahisi: chuma majani yenye utando kabla hawajatawanyika. Ukingoja wametawanyika utatafuta sana.

Kuna watu husema kwamba kuwatambua viwavi ni mchezo wa watoto wa shule. Mimi nawakumbusha mwaka 2017. Mwaka huo aliingia nchini Rwanda kiwavi mgeni kutoka Amerika, ambaye alionekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 huko pande za magharibi. Kwa Kinyarwanda aliitwa nkongwa idasanzwe, yaani nkongwa asiye wa kawaida. Aliingia katika mahindi, na hata askari wa jeshi walitoka kwenda mashambani kuwasaidia wakulima kuwaokota kwa mikono. Sasa katika mahindi kuna viwavi wa namna nyingi, na mtu asiyewajua huwaona wote kuwa mmoja. Lakini huyu ana alama zake: usoni pana mstari mweupe kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mwisho wa mgongo pana vidoto vinne vyeusi vilivyokaa kama pembe za mraba. Mtu anayejua alama hizo huwahi kuwakamata wakingali wadogo, kabla hawajaingia katikati ya mmea, mahali ambapo hata dawa haiwafikii vizuri.

Anayetaka kuhakikisha jina la kiwavi hana njia iliyo bora kuliko kumlea. Si kazi ngumu. Chukua chupa ya jamu au debe la maziwa, ufunike kwa kipande cha chandarua, uweke jani la mti ule ule uliomkuta nao. Kila siku badili jani, toa kinyesi, usimwache juani. Usimshike kwa vidole unapombadilishia, bali kata jani la zamani na kiwavi juu yake, uliweke juu ya jani jipya, naye atahama mwenyewe. Weka kijiti kilichosimama. Siku atakapokataa kula na kuanza kutembea-tembea bila kutulia, usidhani anaumwa: anatafuta mahali pa kuwa pupa. Kiwavi wa mlimau hujifunga kijiti kwa mkanda wa uzi kiunoni, kama mkwezi wa minazi, kisha huvua ngozi ya mwisho. Pupa yake huwa ya kijani au ya kahawia. Andika tarehe. Yule niliyemlea vizuri alikaa siku kumi na saba, akatoka asubuhi kabla ya kengele ya kanisani, na nikachelewa sala nikaadhibiwa.

Lakini si kila pupa hutoa kipepeo, na hili ndilo linalonirudisha kwenye mche wa mama. Mwisho wa mwezi wa Januari, siku ya wageni, mdogo wangu alikuja shuleni akiwa na debe. Ndani yake mlikuwa na pupa moja tu aliyoiokota ukutani. Nilipomwuliza habari za wengine, alisema hawajui walikokwenda, lakini mche hauna jani hata moja. Ndipo nilipofahamu hesabu ambayo nilipaswa kuifanya mapema: kiwavi hula sehemu kubwa ya chakula chake chote katika siku zake za mwisho, anapokuwa mkubwa. Mlimau mzima wenye maelfu ya majani hauoni neno. Mche wenye majani hamsini, viwavi wanane huumaliza, na tena walikuwa wameumaliza mvua zikiwa zimekatika. Nikaiweka ile pupa dirishani. Baada ya siku kadhaa ikageuka rangi kuwa ya udongo, na asubuhi moja nikaona tundu dogo ubavuni mwake, na nyigu wadogo mno, wengi kama vumbi la pilipili, wakitambaa juu ya kioo. Mama yao alikuwa amelitia pupa lile mayai yake kabla ya mdogo wangu kuliokota. Basi nilikuwa nimeuza mche wa mama kwa nyigu.

Nilipokwenda nyumbani likizo ya Pasaka nilimweleza mama kwamba sikuwatoa wote. Alinijibu kwamba alijua siku ile ile, maana yeye pia anajua kuhesabu. Hakusema zaidi. Mche ulikuwa umechipua vitawi vitatu vizuri baada ya mvua za itumba kuanza, nami nikafurahi, lakini mama akanionyesha kwamba vyote vitatu vilitoka chini ya kovu la kuunganishia, yaani ni vya ule mti wa shina, wala si vya mlimau wake. Akavikwanyua kwa vidole kimoja kimoja. Juu ya kovu palikuwa na jicho moja tu lililoanza kufumbuka.

Siku ya kurudi shuleni jicho lile lilikuwa limefikisha majani sita. Niliyageuza yote. Chini ya jani la nne nikaona yai moja la manjano. Nikalikwangua kwa ncha ya kisu pamoja na kipande kidogo cha jani, nikalitia katika kiberiti kitupu, nikaja nalo shuleni, na sasa kiwavi wake yuko juu ya ule mlimau mkubwa nyuma ya jiko, tawi la upande wa tangi la maji. Anayetaka kumwona aje kabla hajawa kijani.